Jicho la Mtoto kwenye Herufi: Historia ya Uandaaji wa Somo katika Kwale

Historia ya elimu katika Kwale, kaunti inayoanzia kusini mwa kivuko cha Likoni na kuteremka kupitia Diani, Gazi na Msambweni hadi Vanga kwenye mpaka wa Tanzania, kwa kawaida husimuliwa kwa kuhesabu majengo, yaani ni shule ipi iliyofunguliwa mwaka gani na kwa fedha za nani. Masimulizi ya aina hiyo yana manufaa yake, lakini hukiacha nje kitu ambacho mtoto hukutana nacho kila asubuhi, nacho ni somo lenyewe: limepangwa kwa utaratibu gani, mtoto amewekewa nini mbele ya macho yake, anatakiwa kutenda nini, na mwalimu anatambuaje kwamba ameelewa. Walimu wa leo huuandika mpangilio huo katika andalio la somo, hati fupi inayoonyesha malengo, hatua na vifaa vya kipindi kimoja, nao hulichota kutoka katika azimio la kazi, ambalo ni mpango wa muhula mzima. Lakini kazi ya kuliandaa somo ili limshike mwanafunzi ni kongwe kuliko hati hizo, na katika pwani ya kusini inaweza kufuatiliwa kwa zaidi ya karne moja. Inapofuatiliwa hivyo, huonekana kwamba somo katika eneo hili limeinuka au kuanguka kutegemea kama mtoto mmoja mmoja alipewa maandishi ya kuyatazama na zamu ya kuyajibu, chombo kiwe ubao wa mti au simu ya mkononi.

Somo la kwanza la maandishi katika eneo hili lilikuwa la chuoni, yaani katika darasa la Kurani. Miji ya pwani kama Vanga na Wasini ilikuwa na Waislamu kwa muda mrefu, na katika nusu ya pili ya karne ya 19 hadi mwanzoni mwa karne ya 20 Uislamu ulienea sana miongoni mwa Wadigo wa vijijini, na kila kijiji kilichosilimu kilihitaji mtu wa kuwasomesha watoto. Chuo hakikuhitaji jengo, kwa kuwa baraza ya nyumba ya mwalimu au kivuli cha mwembe kilitosha, na ada iliyotolewa na mzazi ilikuwa ndogo, mara nyingi ikijaliziwa na kazi ambazo watoto walimfanyia mwalimu shambani na nyumbani. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye kitabu chake Desturi za Wasuaheli kilichapishwa mwaka 1903, alieleza desturi za watu wa Mrima, ukanda wa pwani unaoungana na Vanga kwa upande wa kusini, na usomaji wa chuoni ni miongoni mwa mambo aliyoyaandika kwa undani.

Utaratibu wa somo la chuoni unastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu umesemwa vibaya na watu wengi ambao hawakuuchunguza. Mtoto aliyetiwa chuoni alipewa ubao wake mwenyewe, kipande cha mti kilicholainishwa ambacho mwalimu alikiandikia kwa kalamu ya tete na wino uliotengenezwa kwa masizi, na maandishi hayo yalikuwa kipimo cha mtoto huyo tu, wala hayakuwa ya mwenziwe aliyeketi pembeni. Alianza na majina ya herufi, akaingia katika irabu, ambazo ni alama za fataha, kisiri na dhuma zinazoipa konsonanti sauti ya a, i au u, kisha akajifunza kuendeleza, yaani kuitaja herufi pamoja na alama yake mpaka silabi itoke, na silabi zikiunganishwa neno litoke. Baada ya hapo aliandikiwa sura fupi za mwisho wa Kurani, zile za juzuu ya Amma, akirudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea sura ndefu, na hakuoshewa ubao ili kuandikiwa kipande kipya mpaka alipokuja mbele ya mwalimu, akakisoma kwa kidole juu ya herufi na kusahihishwa papo hapo. Wanafunzi wakubwa waliwasikiliza wadogo na kuwasaidia kabla ya zamu ya mwalimu kufika, hivyo mwalimu mmoja aliweza kuwa na watoto waliokuwa katika hatua nyingi tofauti kwa wakati mmoja.

Mpita njia aliyekisikia chuo kwa mbali alisikia kelele ya sauti nyingi na huenda alidhani kwamba watoto walikuwa wakiimba pamoja, ilhali kila mmoja alikuwa akisoma kipande chake kwa mwendo wake. Somo hilo lilikuwa na kasoro nzito ambazo hazifai kufunikwa: fimbo ilitumika kupita kiasi, na mtoto aliweza kuhitimu juzuu zote 30 bila kuelezwa maana ya aya moja, kwa kuwa lugha ya Kiarabu haikufundishwa kama lugha. Hata hivyo, kwa upande wa ufundi wa kusomesha herufi, chuo kilikuwa na mambo matatu ambayo wataalamu wa karne yetu hutumia fedha nyingi kuyarudisha, nayo ni maandishi mkononi mwa kila mtoto, mfuatano usiorukwa kutoka sauti hadi neno, na mwalimu anayemsikiliza kila mmoja. Wengi waliotoka huko walizitumia herufi hizo za Kiarabu kuandika Kiswahili, wakaandikiana barua na kunakili tenzi. Na serikali ya kikoloni ilipofanya hati ya Kilatini kuwa ndiyo hati ya shule na ofisi, watu hao wakaanza kuhesabiwa kuwa hawajui kusoma, dhuluma ambayo haijatajwa vya kutosha katika vitabu vya historia ya elimu.

Shule ya aina ya Kizungu ilichelewa kufika kusini. Wamisionari Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walifungua kituo chao Rabai mwaka 1846, kaskazini-magharibi mwa Mombasa, na kwa miaka mingi kazi ya misheni iliendelea zaidi upande huo, huku wazazi Waislamu wa Udigoni wakiogopa kwamba kumpeleka mtoto shule ya misheni ni kumtoa katika dini yake. Katika miaka ya 1920 serikali ilifungua shule yake huko Waa, kati ya Likoni na Tiwi, ambayo haikuwa chini ya kanisa lolote, na kwa njia hiyo wazazi wengi walipata mlango ambao dhamiri zao ziliukubali. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, iliyotumwa kutoka Marekani kuchunguza elimu ya Waafrika, ilizuru Afrika Mashariki na kupendekeza masomo yanayofungamana na kilimo, afya na maisha ya kijiji, na mwaka uliofuata Shule ya Jeanes ilianzishwa Kabete ili kuwaandaa walimu wa kuzungukia shule za vijijini. Mapendekezo hayo yalikuwa na busara na pia yalikuwa na ubaguzi ndani yake, kwa kuwa yalilenga kumwandaa Mwafrika kwa nafasi ambayo mkoloni alikwisha kumpangia.

Badiliko kubwa lililoletwa na shule hizo kwa upande wa somo halikuwa katika maudhui pekee. Watoto waligawanywa kwa madarasa, wakawekwa mbele ya ubao mmoja mkubwa wa ukutani, wakasogezwa wote kwa pamoja kutoka ukurasa hadi ukurasa kwa amri ya kengele na ratiba. Na pale ambapo vitabu vilikuwa vichache kuliko watoto, njia nyepesi ya kulishughulisha darasa zima ilikuwa mwalimu kutamka na watoto kuitikia kwa kiitikio kimoja. Mara nyingi uitikiaji huo hulaumiwa kuwa ni urithi wa chuoni, lakini hoja hiyo haisimami, kwa sababu chuoni mtoto hakuweza kujificha ndani ya sauti za wenziwe, ilhali katika darasa la watoto 50 wenye vitabu vitano aliweza kukaa muhula mzima akiitikia kwa sauti kubwa bila kutambua hata herufi moja. Inafaa kutambua pia kwamba vyuo vyenyewe vilianza kuiga umbo la shule, kwani Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) wa Mombasa, mwanazuoni aliyetetea elimu ya kisasa kwa Waislamu na aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika vijitabu vya dini kwa Kiswahili chepesi ili mwanafunzi aelewe anachokisoma, na baada yake madrasa zenye madarasa, madawati na mitihani zilienea pwani nzima. Kwa upande wa maana, hiyo ilikuwa faida kubwa, ingawa mara nyingine ilipatikana kwa kuupoteza ubao wa mtoto mmoja mmoja.

Karibu na wakati wa uhuru kulizuka jaribio lililoitwa Mbinu Mpya ya Shule za Msingi, lililoanza mwaka 1957 katika shule za watoto wa Kiasia mjini Nairobi, ambalo lilitaka mtoto ajifunze kwa vitendo, picha na kazi za vikundi, huku Kiingereza kikiwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Mbinu hiyo ilisambazwa nchini haraka kuliko walimu walivyoweza kuandaliwa, na mzigo wa lugha ukaumeza ule uzuri wa vitendo. Mwaka 1976 Kamati ya Gachathi ilipendekeza kwamba madarasa ya mwanzo yafundishwe kwa lugha inayotumika katika eneo la shule, pendekezo lililowafaa sana watoto wa Kwale, ambao wengi wao husema Chidigo au Chiduruma nyumbani na hukielewa Kiswahili kwa wepesi, ingawa wazazi na walimu wengi waliendelea kukimbilia Kiingereza kwa kuhofia mtihani.

Redio nayo ilikuwa imeingia darasani. Vipindi vya shule vilivyotangazwa na Sauti ya Kenya viliwafikia watoto wa vijijini bila kumhitaji mtaalamu kusafiri, lakini vingi vilikuwa hotuba za kusikilizwa tu. Kati ya mwaka 1980 na 1985 mradi wa majaribio wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa matatu ya kwanza, uliofadhiliwa na Marekani na kuendeshwa pamoja na wataalamu wa Kenya, ulibadilisha muundo huo kwa hila moja rahisi: mtangazaji aliuliza swali, kisha akanyamaza kwa sekunde chache zilizopimwa ili watoto wajibu, waimbe, wasimame au waandike, ndipo akatoa jibu na kuendelea. Kipindi kilidumu kwa nusu saa kila siku ya shule. Ukimya uliopangwa ndani ya kipindi ni uvumbuzi ambao waandaaji wa masomo ya video wa siku hizi wangefaidika wakiukumbuka, maana wengi wao huongea dakika 40 mfululizo bila kumwachia mwanafunzi nafasi hata ya kuvuta pumzi.

Kwa watoto wadogo zaidi, hatua kubwa ilianzia madrasa. Mnamo miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya walisikitishwa na idadi ndogo ya watoto wao waliokuwa wakipata nafasi katika shule nzuri, wakaomba msaada wa Aga Khan, na mwaka 1986 mpango wa shule za awali za madrasa ukaanza Mombasa chini ya mwalimu Bi Swafiya Said, kisha ukaenea katika maeneo mengine ya pwani yakiwemo ya Kwale, ukavuka kwenda Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Waanzilishi walichukua mbinu ya HighScope iliyobuniwa jimbo la Michigan nchini Marekani, ambayo humtaka mtoto apange anachotaka kufanya, akifanye, kisha aeleze alichokifanya, wakaifunga pamoja na maadili ya Kiislamu, hadithi na nyimbo za pwani. Chumba kiligawanywa kwa kona, hii ya nyumbani, ile ya vitabu, nyingine ya kujenga, na vifaa vilitafutwa palepale kijijini: vifuu vya nazi vya kupimia mchanga, makumbi, mbegu, makombe ya baharini na vizibo vya soda vya kuhesabia. Thamani ya mpango huo ilikuwa katika kumfunza mama wa kijijini, ambaye huenda hakumaliza sekondari, kupanga asubuhi ya watoto kwa makusudi na kuwaacha watende, na kwa hilo unastahili nafasi kubwa zaidi katika historia ya ualimu wa Kenya kuliko iliyopewa mpaka sasa.

Elimu ya msingi bila malipo ilipotangazwa mwaka 2003 madarasa yalifurika, na lile tatizo la kuitikia kwa pamoja likawa kubwa kupita lilivyokuwa katika enzi yoyote. Hapo ndipo Kwale ilipotoa mchango wake mkubwa kwa taifa. Kuanzia mwaka 2010 hadi 2012 watafiti wa afya na elimu, miongoni mwao Simon Brooker, Matthew Jukes na Margaret Dubeck, waliendesha mradi ulioitwa HALI katika shule za msingi za serikali 101 za pwani ya kusini, wakitaka kujua kama mtoto wa darasa la kwanza angesoma vizuri zaidi akitibiwa malaria, akifundishwa kwa mbinu bora, au akipata vyote viwili. Uchunguzi wa madarasa hayo ulionyesha kwamba walimu walikuwa hodari wa kukuza lugha ya mazungumzo, wakiwaongoza watoto kutamka na kurudia, lakini muda uliotumika juu ya maandishi, herufi na sauti zake ulikuwa mdogo mno.

Kwa upande wa malaria, upimaji na matibabu ya mara kwa mara shuleni haukuonyesha faida kwa upungufu wa damu wala kwa umakini wa watoto darasani, matokeo ambayo watafiti waliyatangaza wazi kama yalivyo. Kwa upande wa somo hali ilikuwa tofauti. Shule 51 zilichaguliwa kwa bahati nasibu, nazo 50 zikabaki kuwa za kulinganishia. Walimu wa zile 51 walihudhuria warsha, wakapewa maandalio ya masomo yaliyoandikwa nusu, yaani yenye hatua na maneno muhimu lakini yenye nafasi ya mwalimu kuongeza yake, na kila wiki wakaletewa ujumbe mfupi wa simu wenye dokezo moja la kufundishia na neno la kuwatia moyo, ambao walitakiwa kuujibu na kupata salio dogo la simu. Baada ya miaka miwili watoto wa shule hizo walikuwa mbele katika vipimo vitatu kati ya vinne vikuu vya kusoma na kuandika, maandishi na sauti za herufi vikawa na nafasi kubwa zaidi katika vipindi, na kiwango cha watoto kuacha shule kikashuka kutoka asilimia 5.3 hadi asilimia 2.1. Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko zote, kwa kuwa inaonyesha kwamba mtoto wa miaka saba au minane anayeanza kuyaelewa maandishi huwa na sababu ya kurudi darasani, na mzazi wake huwa na sababu ya kumrudisha.

Ujumbe wa simu katika mradi huo unafaa kutazamwa kuwa ni mwanzo wa elimu ya mtandao katika Kwale, ingawa haukupita intaneti na ulimwendea mwalimu wala si mtoto. Ulifanikiwa kwa kuwa ulikuwa mfupi, ulifika kwenye simu ambayo mwalimu alikwisha kuwa nayo, ulihusu somo la wiki hiyohiyo na ulidai jibu. Maandalio ya namna hiyo yalichukuliwa kitaifa mwaka 2015 katika mpango wa Tusome wa kusoma Kiswahili na Kiingereza, ambao ulimpa kila mtoto kitabu chake na kila mwalimu mwongozo wake. Mwaka 2016 serikali ilianza kusambaza tableti za darasa la kwanza nchini kote, chombo cha gharama kubwa kuliko ujumbe wa simu, lakini bila mtu wa kumwandama mwalimu wiki kwa wiki nyingi zilibaki zimefungiwa kabatini.

Shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, na Kwale ikawekewa zuio la kuingia na kutoka mwezi uliofuata, tofauti kati ya somo linalotangazwa na somo linalojibiwa ilijitokeza tena. Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala ya Kenya ilirusha vipindi kupitia Redio Taifa, runinga na mtandao, kazi iliyofanywa kwa bidii na kwa haraka, lakini mtoto wa bara kavu ya Kinango asiye na runinga wala pesa za bando hakuwa na wa kumjibu. Walimu waliofanikiwa walikuwa wale waliounda vikundi vya simu vya wazazi, wakatuma swali moja au mawili kwa siku, na kudai picha ya daftari au sauti ya mtoto akisoma. Na maustadhi nao walifanya vivyo hivyo kwa Kurani, wakipokea sauti ya mwanafunzi na kumrudishia masahihisho kwa sauti yao.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, unamtaka mwalimu alijenge somo juu ya swali dadisi, yaani swali lisilojibika kwa ndiyo au hapana, na juu ya mazingira ya mwanafunzi. Katika pwani ya kusini mazingira hayo ni tajiri. Huko Gazi, ambako wanakijiji wameuhifadhi msitu wa mikoko wa hekta 117 kupitia mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013, na ambako mapato ya hewa ya kaboni yamenunua vitabu vya shule na kuleta maji, mwalimu anaweza kuliweka darasa zima ndani ya somo la mimea wakati bahari imekupwa: kila mtoto na daftari lake, achore mizizi ya mkoko inayotoka juu shinani na kuingia matopeni, aichore ya mchu inayochomoza kutoka chini kwenda juu, aongeze ya mkandaa, mlilana na mkomafi, aandike jina la kila mti chini ya mchoro wake, kisha aeleze kwa nini miti hiyo haikuota kwa namna moja. Somo kama hilo lahitaji jedwali la kupwa na kujaa kwa bahari kuliko linavyohitaji tableti, tena haliwezi kuingia katika kipindi cha dakika 35 cha madarasa ya juu ya msingi, hivyo ni lazima vipindi viwili au vitatu viunganishwe katika siku ambayo maji yatakuwa mbali, marekebisho ya ratiba ambayo mwalimu mkuu anaweza kuyapanga mwanzoni mwa muhula.